NVDA kwa anayetaka kuanza biashara ya teknolojia saidizi: naipa nyota nne na nusu

Kama unataka kuanza biashara ya kuwapatia watu wenye ulemavu teknolojia saidizi, na wateja wako wa kwanza ni wasioona au wenye uoni hafifu, anza na NVDA kabla hujaagiza kifaa chochote. Naongea kama mtu ambaye kazi yake ndo hiyo, naiweka kwenye kompyuta za watu, nawafundisha, alafu nabaki nao wakikwama. Programu yenyewe ni bure na swali linakuja hapohapo, sasa utauza nini? Unauza kazi yako. Kuweka, kupanga kulingana na mtu mwenyewe, kufundisha, na kupokea simu yake wiki ya pili akiwa ameshasahau nusu ya ulichomfundisha.

Kwa asiyeijua, NVDA inasoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini ya Windows, mtu anatembea kwa kibodi tu, mausi hana haja nayo. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, baadae akaungana na James Teh, na wote wawili hawaoni. Hilo unaliona ukiitumia maana vitu vidogovidogo vimefikiriwa na mtu anayevihitaji kila siku. Leseni yake ni GPL, yaani leseni huria inayoruhusu yeyote kuitumia na kuisambaza, kwahiyo hata ukiwawekea wateja mia na ukalipwa kwa huduma yako hujavunja sheria yoyote.

Watu wataniuliza kuhusu JAWS, programu nyingine ya kusoma skrini ila ya kulipia. JAWS ipo tangu 1989 enzi za DOS na ni programu nzuri sana, ila leseni yake ni ghali, na kwa mtu anayeanza biashara kufungia mtaji kwenye leseni kabla hujajua wateja wako ni akina nani naona ni hatari. Lakini pia usiende kwa mtu ambaye ofisi yao ina programu za ndani zilizotengenezewa skripti za JAWS, yaani maelekezo maalum ya kuifanya izisome vizuri, ukaanza kumhamisha kwa nguvu, utamharibia kazi. Muulize kwanza anafanya nini kutwa nzima.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba unaweza kuibeba kwenye fleshi. Unafika kwa mteja, unachomeka, inaongea bila kuinstoli chochote, akiipenda ndo unaiweka moja kwa moja. Mtu ambaye amekuwa akisomewa barua pepe zake na wengine, siku anajisomea mwenyewe kwa hedifoni bila mtu wa pembeni kujua kimeandikwa nini, we kaa kimya tu usimwingilie. Anabonyeza H anaruka kutoka kichwa kimoja cha habari kwenda kingine, K inampeleka kwenye linki, F kwenye sehemu za kujaza fomu. Wengi hawajui kama hiyo ipo, wanasikiliza ukurasa mzima kuanzia juu mpaka chini ndo maana wanachoka na kuiacha. Mfundishe H siku ya kwanza.

Kama wewe unaona, kuna kitu kinaitwa Spichi Vyua (Speech Viewer) kwenye menyu ya Tuuls (Tools), kinaandika kwenye skrini kila neno inalotamka. Kinasaidia sana mteja akiwa amevaa hedifoni au ameongeza spidi, na niamini wazoefu wanasikiliza kwa spidi ambayo wewe husikii neno hata moja. Pia kuna pazia la skrini, skrini inakuwa nyeusi kabisa wakati programu inaendelea kuongea. Limewekwa kwa ajili ya faragha ya mtumiaji, ila mimi nasema kila anayetaka kufundisha hii kitu aliwashe afanye kazi zake za kawaida hivyohivyo mpaka azoee. Mwalimu anayechungulia kwa macho anafundisha vibaya, anamwambia mtu "bonyeza hapo juu kulia" wakati kwa mwanafunzi hiyo juu kulia haipo.

Toleo la 2025.1 limeleta uwezo wa kuingia kwenye kompyuta ya mteja kwa mbali, zamani ilikuwa ni nyongeza ya kutafuta pembeni. Kwa biashara hii ni mkombozi. Mteja na wewe mkiwa na NVDA na intaneti, mnakubaliana namba ya siri, unasikia anachosikia yeye na kibodi yako inafanya kazi kwake. Ila omba ruhusa kila mara, hata kama ni mteja wako wa siku nyingi, maana ukishaingia umeshika kompyuta yake yote na yeye haoni unafungua nini.

Sasa mapungufu, na yapo. Sauti ya Kiswahili inakuja na eSpeak, injini ya sauti iliyomo ndani ya NVDA, unachagua eSpeak alafu unabadilisha sauti iwe Kiswahili, inatamka maneno yanaeleweka lakini ni ya kiroboti na mtu mzima anayeanza inamchosha masikio. Kurasa zinazochanganya Kiswahili na Kiingereza ndo balaa kabisa, kama aliyetengeneza tovuti hakuitambulisha lugha basi sauti ya Kiingereza inasoma Kiswahili kama mtu anatafuna maneno. Mteja lazima umweleze mapema, na umwonyeshe jinsi ya kubadilisha sauti mwenyewe haraka, asije akadhani kompyuta imeharibika.

Barua zilizoskaniwa ni picha tu, haizisomi yenyewe. Ukibonyeza Insert na R inajaribu kutambua maandishi kwa kutumia Windows, mara nyingi inatoa kitu cha kueleweka, ila majedwali yanavurugika. Alafu ni Windows tu, kwenye simu ya Android utamfundisha TalkBack na kwenye iPhone ni VoiceOver, ambazo nazo zinasoma skrini, kwahiyo na hizo lazima uzijue.

Na kuna hii ya Insert na S, mtu anaigusa kwa bahati mbaya na sauti inazima. Kwa anayeona ni kitu kidogo, kwa asiyeona kompyuta imekufa. Atakupigia akiwa amepaniki na pengine ana kazi ya kuwasilisha muda huohuo. Mwambie abonyeze tena mpaka isikike, ikigoma Ctrl, Alt na N zinaiwasha upya kama iliwekwa njia yake ya mkato. Hii naifundisha kabla hata ya kuandika herufi.

Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 inasema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na karibu bilioni moja hawavipati. Kwahiyo wateja wapo wa kutosha. Kinachoumiza ni wauzaji wanaokabidhi kifaa, wanapiga picha, wanaondoka. Nimekuta laptopu ambayo mtu amepewa ikiwa na programu ya kusoma skrini tayari, ipo kabatini, hakuna aliyemfundisha kuwasha. Ukiingia kwenye hii biashara, bei yako iwe na ufuatiliaji ndani yake tangu mwanzo, usiuweke kama kitu cha ziada maana mteja ataukataa ili apunguze gharama na mwisho wa siku kifaa kitalala.

NV Access wenyewe, ndo shirika linaloitengeneza, wanauza vitabu vya mafunzo na wana mtihani wa kuthibitisha ujuzi, fanya huo mtihani kabla hujachukua hela ya mtu. Na kama biashara ikianza kukulipa, wachangie chochote, wanategemea pia michango.

Nusu nyota niliyoikata ni ya sauti ya Kiswahili. Siku ikija sauti ya Kiswahili inayosikika kama mtu, na ikawa bure kama programu yenyewe, nairudisha siku hiyohiyo.