Mazao yanayostahimili viuagugu, au palizi ya njia nyingi?

Soya iliyobadilishwa vinasaba ili istahimili glaifoseti, dawa ya kuua magugu, iliingia mashambani Marekani mwaka 1996. Urahisi wake hauna ubishi: unapulizia shamba zima, magugu yanakufa, soya inabaki. Lakini dawa ileile kila msimu huacha hai magugu sugu, nayo ndiyo huzaa. Kisha zikaja mbegu zinazostahimili dikamba, dawa ambayo mvuke wake husafiri hadi kukunja majani ya soya ya jirani asiyehusika. Hapo ndipo ninapopinga idhini ya kupanda mazao ya aina hii kwa moyo wote.

Kubadilisha mazao, kufunika udongo na kupalilia kunadai jasho zaidi, sikatai. Ila gugu linaloshambuliwa kwa njia nyingi hupata taabu kuzoea hata moja, na jirani halipii gharama ya uamuzi wako.