Tangi la matumbawe la lita 90 nyumbani Dodoma: uzoefu wangu na seti nzima

Seti yenyewe naipa nyota tatu kati ya tano. Kioo kizuri, pampu inavumilia, taa inatosha kwa matumbawe laini. Hita, kipimo cha chumvi na skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) vilivyokuja ndani ya boksi havifai. Ila kwa mtu wa Dodoma hayo ni madogo. Kinachoua matangi ya bahari huku ni maji yasiyo na chumvi: yale ya bomba unayochanganyia chumvi, na yale yanayopotea hewani kila siku. Ukiwa na bajeti finyu, chukua tangi la kawaida na chujio zuri la RO (linalosukuma maji kwa presha kupita kwenye utando mwembamba, yaani membreni). Usifanye kinyume.

Seti ni tangi la sentimita 60 kwa 40 kwa 38, lenye chumba cha nyuma kilichogawanywa mara tatu: sponji, skima, kisha pampu ya kurudisha maji ya wati 12. Imekuja na taa ya LED ya wati 35, pampu ndogo ya mawimbi ya wati 6, hita ya wati 100 na mfuniko wa kioo. Ukishaweka kilo 9 za mawe na kilo 8 za mchanga wa aragonaiti, maji halisi yanabaki kama lita 75. Namba hiyo ndiyo ya kupigia hesabu za dawa na chumvi, siyo 90 iliyoandikwa kwenye boksi.

Kuhusu maji ya bomba. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu yanatoka visimani, bonde la Makutupora, na ugumu wake unauona kwenye sufuria ya chai. Usichanganye chumvi ya bahari na maji hayo, hata ukiyachemsha; kuchemsha hakutoi naitreti wala silika. Unahitaji chujio la hatua nne: sponji ya vumbi, kaboni, membreni ya RO, na mwisho kopo la resini ya DI, inayonasa madini yaliyobaki. Membreni nzuri huzuia karibu asilimia 97 ya kilichoyeyuka. Maji yakiingia na TDS (kipimo cha vitu vilivyoyeyuka) 700, yatatoka kwenye membreni na 21, na resini inamalizia hadi sifuri. Ndiyo maana resini huku inakwisha haraka kuliko maelekezo ya mtengenezaji yanavyosema, kwa sababu yeye alipiga hesabu kwa maji mepesi. Tena maji ya kisima huwa na kabonidayoksaidi nyingi iliyoyeyuka, na gesi hiyo inapita kwenye membreni bila kuzuiwa na kuila resini. Dawa yake ni rahisi: acha maji yalale usiku kwenye chombo kilicho wazi huku pampu ya hewa ikitoa mapovu, ndipo uyapitishe kwenye chujio.

Kosa linalowakuta wengi ni presha. Membreni ya RO inataka presha ya bar 3 hadi 4. Simtanki lililowekwa juu ya mnara wa mita 3 linakupa bar 0.3 tu, kwa kuwa kila mita 10 za kimo ni bar moja. Utaunganisha chujio, maji yatadondoka tone moja moja, TDS itakuwa mbaya, halafu utalaumu muuzaji. Nunua pampu ya kuongeza presha pamoja na chujio siku hiyohiyo. Kwa kila lita moja safi unatupa lita tatu au nne, na kwa mji ambao maji huja kwa mgao huo si mchezo. Mimi maji hayo naelekeza kwenye ndoo za kudekia na za chooni.

Chumvi iwe ya akwariamu ya matumbawe. Chumvi ya mezani ni sodiamu kloridi iliyoongezwa madini joto, haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Wapo wanaobeba madumu ya maji ya bahari kutoka Dar, kilomita kama 450. Dumu la lita 20 lina uzito unaozidi kilo 20. Lita hizohizo unazitengeneza kwa gramu 740 za chumvi. Mfuko wa kilo 20 unakupa lita 540. Isitoshe, maji ya pembeni mwa ufukwe wa jiji kubwa hujui yamebeba nini.

Namna ya kuchanganya: maji kwanza, yafike nyuzi 25, pampu iwe inazunguka, kisha nyunyiza chumvi kidogo kidogo, gramu 37 kwa lita. Ukimwaga maji juu ya chumvi, kalsiamu inaganda na kuwa ukungu mweupe ambao hauyeyuki tena. Acha izunguke saa kadhaa. Na kabla ya kufungua ndoo ya chumvi iliyosafiri kwenye buti la basi, ibiringishe sakafuni dakika kadhaa, maana punje ndogo na kubwa hujitenga njiani na kila mchanganyo utatoka tofauti.

Lengo ni chumvi 35 kwa elfu, sawa na uzito linganifu wa 1.026. Kile kipimo cha plastiki chenye mshale kilichomo kwenye boksi kitupe. Povu likinata kwenye mshale linakudanganya pointi mbili au tatu. Nunua rifraktomita (kipimo cha chumvi kinachotumia mwanga) na uilinganishe na kimiminika cha 35 kwa elfu. Kulinganisha kwa maji safi peke yake kunaweza kuacha kosa pale juu unapopima.

Sasa uvukizi, ambao kwangu ndio moyo wa shughuli. Kuanzia Mei hadi Novemba hewa ya Dodoma ni kavu kabisa. Tangi hili likiwa wazi linapoteza lita moja hadi moja na nusu kwa siku. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Siku tatu bila kujazia, lita 4.5 zimekwenda, na chumvi imepanda kutoka 35 hadi 37. Samaki atavumilia, tumbawe litajifunga na konokono wataanza kuanguka. Unajazia maji ya RO matupu, kamwe si maji ya chumvi. Kifaa cha kujazia chenyewe, chenye sensa mbili, moja ya kawaida na nyingine ya tahadhari, nakiweka mbele ya skima, mbele ya taa ya bei mbaya, mbele ya kila kitu isipokuwa chujio. Sensa ifungwe chumba cha mwisho, pale pampu ilipo, kwa sababu humo ndimo maji yanamoshuka.

Ukubwa wa chombo cha maji ya kujazia nao una hesabu yake. Sensa ikikwama usiku, kila kilichomo kitaingia kwenye tangi. Chombo cha lita 25 kitashusha chumvi hadi 26, na asubuhi utakuta msiba. Cha lita 10 kitaishusha hadi 31 hivi, jambo linalorekebishika. Kwa hiyo lita 10, ujaze kila wiki moja, hata kama inakuchosha. Mdomo wa mpira nao uwe juu ya usawa wa maji, usizame, la sivyo maji ya tangi yatarudi nyuma yenyewe kwa mvuto.

Mfuniko wa kioo niliuondoa na kuweka wavu mwembamba kwenye fremu. Kioo kinapunguza uvukizi kweli, lakini kinafungia joto na kubana hewa, na hewa huku tunayo pungufu tayari. Mji uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Maji ya chumvi ya nyuzi 26 ambayo Dar yanashika karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita, hapa yanashika kama 5.9. Usijaze samaki. Wawili wadogo wanatosha, na pampu ya mawimbi ielekezwe juu ili uso wa maji utikisike muda wote. Wavu usiache, samaki wa baharini wanaruka.

Ukavu huo una faida moja ambayo wenzetu wa pwani hawana. Feni ndogo ya kompyuta ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili hadi tatu, kwa hiyo mashine ya kupoza maji sikuona sababu ya kuinunua. Masika, hewa ikiwa na unyevu, feni inafanya kazi kidogo, basi punguza saa za taa. Juni na Julai shida inageuka: usiku nje unashuka hadi nyuzi 13 au 14, na chumba kisicho na moto kinapoa. Hita ya kwenye seti ina kidhibiti cha ndani ambacho kikiganda kwenye kuwasha, kinapika kila kitu. Badala yake weka hita mbili za wati 50 kupitia kidhibiti cha nje, kilichopangwa nyuzi 25.5. Moja ikiganda, peke yake haina nguvu ya kuua. Moja ikifa, nyingine inashikilia.

Kwenye LUKU, pampu mbili na taa inayowaka kwa saa nane zinakula kama uniti 0.7 kwa siku. Miezi ya baridi hita inaweza kuongeza uniti 0.8. Mwezi wa Julai unafika uniti 45; wewe uliye kwenye kundi la bei nafuu la uniti 75 kwa mwezi piga hesabu ya friji na pasi kabla ya kununua.

Umeme ukikatika, kipaumbele ni mzunguko wa maji. Joto baadaye. Taa sahau, matumbawe yanaweza kukaa gizani siku mbili tatu. Betri ya sola ya 12V, Ah 50, ina Wh 600. Tumia nusu tu kama ni ya asidi. Pampu ya mawimbi ya wati 6 ikiunganishwa moja kwa moja kupitia kifaa cha kupandisha volti itakwenda zaidi ya siku nzima. Ukipitisha kwenye inveta, inveta yenyewe inaweza kula kuliko pampu. Weka pia kile kifaa cha kulinda friji kati ya soketi na tangi, kwa sababu adapta za seti hii hazipendi umeme unaporudi kwa kishindo.

Kuanzisha bakteria wanaovunja amonia ya samaki ni wiki tatu hadi sita. Weka mawe makavu, dondosha amonia kloridi hadi 2 ppm (sehemu mbili kwa milioni), ongeza bakteria wa chupa, na uzime taa. Tangi likiweza kumaliza 2 ppm ndani ya saa 24, na naitraiti (sumu inayotokana na amonia hiyo) ikasoma sifuri, badilisha nusu ya maji. Chupa ya bakteria iliyosafirishwa juani ni maji machafu ya bei ghali. Safiri nayo kwenye kibegi cha baridi.

Mawe na matumbawe usiokote ufukweni. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi, na matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), Kiambatisho cha II. Muuzaji akuonyeshe karatasi zake. Kwa tangi la kwanza nashauri yale laini: uyoga wa bahari, zoa (vimatumbawe vidogo vinavyoota kwa makundi), na Sarcophyton (tumbawe la ngozi). Huyu wa mwisho hujikunja na kuvua ngozi kama nta siku kadhaa. Hafi, mwongezee mkondo. Zoa mshike kwa glavu na miwani, baadhi wana sumu ya palitoksini, na jiwe lenye zoa halichemshwi wala halipigwi brashi kavu. Kwa samaki, jozi ya Amphiprion (samaki wa anemoni, wale wenye mistari myeupe) inatosha; pwani yetu ina A. allardi na A. akallopisos, na hawa wanaishi vizuri bila anemoni.

Samaki aliyekaa kwenye mfuko saa nane njiani kutoka Dar hafai kudondoshewa maji polepole saa nzima. Ukifungua mfuko, kabonidayoksaidi inatoka, pH inapanda, na amonia iliyokuwa salama inageuka sumu. Muulize muuzaji chumvi yake ni ngapi, andaa ndoo ya karantini yenye chumvi hiyohiyo, sawazisha joto dakika 15 mfuko ukiwa umefungwa, kisha hamisha samaki bila maji ya mfuko.

Matunzo ya kila wiki: lita 8 za maji mapya, kupangusa kioo, na kubadilisha chujio la kwanza la chumba cha nyuma. Sponji ya seti inageuka kiwanda cha naitreti usipoisuuza kila siku tatu nne. Niliitoa, natumia pamba ya polista ya mito isiyo na manukato wala dawa, kipande kipya mara mbili kwa wiki. Skima nayo inahitaji usawa wa maji usiobadilika na inapiga kelele. Kwa samaki wawili haina kazi, na chumba chake nimeweka mawe ya kufugia bakteria. Pima ualkali (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe): 8 hadi 9 dKH, ndicho kizio chake. Ukishuka kwa moja, gramu 2.25 za soda bikaboneti zilizoyeyushwa kwenye maji ya RO zinaurudisha kwa lita 75. Isiwe bekin pauda, na magadi ya kupikia usithubutu.

Naitreti iwe kati ya 2 na 10 ppm, fosfeti 0.03 hadi 0.1 ppm. Zikiwa sifuri zote mbili usishangilie, hapo ndipo dinoflajelati wanapoota, kamasi ya kahawia yenye mapovu. Ongeza chakula na uache kubadilisha maji kwa muda.

Taa ianze asilimia 25 na kupanda taratibu kwa mwezi. Ukiagiza seti, agiza na rota (sehemu inayozunguka) ya pampu ya akiba pamoja na kijiti chake cha seramiki. Kijiti hicho kinavunjika wakati wa kusafisha, na madukani hapa mjini sijakiona.