Debe la mtama: usage ugali au uwape kuku?
Huku Dodoma mvua ni msimu mmoja tu kwa mwaka, so debe la mtama lazima ulipigie hesabu. Ukisaga ukala ugali na mlenda, nguvu ya jua iliyo kwenye punje inakufikia moja kwa moja. Ukimpa kuku, nyingi inaishia kwenye joto la mwili wake, kuparuaparua na kinyesi, kwa makadirio ni kama asilimia 10 tu inapanda ngazi inayofuata, yaani nyama na mayai unayokula wewe, mi mwaka wa njaa nasaga. Ila mbuzi ni kesi nyingine kabisa, yule anatafuna majani ya mgunga ambayo tumbo letu haliyawezi, anatupa maziwa, na samadi yake bakteria wanaiozesha shambani, uwele unafyonza tena virutubisho vyake.