Mtungi wa lita 5 kuvuka nao hadi Nansio: hela imekaa kwenye bomba

Ukweni kwangu ni Bukindo, kisiwani Ukerewe, meli unashukia Nansio, na huko mtu anayepika bia mwenyewe haruhusiwi kufika mikono mitupu. Zamani nilibeba chupa. Nzito, zinagongana njia nzima, halafu tupu nazo zinataka kurudishwa Mwanza. Krismasi hii nikaagiza Dar mtungi wa chuma kisichoshika kutu, lita 5, wenye bomba dogo juu na sehemu ya kufungia kichupa cha gesi ya kaboni dayoksaidi cha gramu 16. Ulinitoka kama laki mbili na ushee, nauli ya basi ndani yake.

Kwa safari uko vizuri kweli. Unakaa wima ndani ya deli la kawaida, barafu unaijaza pembeni mpaka shingoni. Yangu niliichukua Mwaloni Kirumba alfajiri, ile ile wanayofungia sangara. Inanukia samaki, ila mtungi umefungwa, hainisumbui. Kijana aliyenipakilia mzigo melini ndiye aliyesumbuka: "Mama, mtungi wa gesi unawekewa barafu ya nini?"

Barafu si anasa. Bia yenye gesi ya kutosha ikiwa kwenye nyuzi 4 inatulia kwa presha ya psi 11 hivi. Iache ipate joto la mchana wa Mwanza, nyuzi 28, na humo ndani presha inapita 30. Kifuniko kina valvu ya kuachia presha, sawa, lakini ukifungua bomba hapo utapata ndoo ya povu. Na kama bia haijamaliza kuchacha, usiifungie humo kabisa.

Tulipofika, shemeji alikuwa ameshashika glasi.

"Shem, hii hainywewi leo."

"Weee! Tangu asubuhi tunakungoja wewe au tunangoja nini?"

Ikabidi avumilie. Hamira iliyolala chini ya mtungi inatibuka na mawimbi, na bia iliyotikiswa hivyo inataka kukaa kimya kwenye baridi usiku kucha. Mama mkwe akahamisha sufuria la maziwa, mtungi ukapata nafasi kwenye friji yake. Kesho yake glasi ya kwanza ikatoka na tope, hiyo nikaimwaga. Ya pili ikatoka safi, nyekundu ya mtama, povu vidole viwili. Mzee, ambaye bia zangu huziita "za kitoto", akaomba tena bila kuangalia mtu usoni.

Bomba hili ndilo nililolilipia hasa. Yapo mabomba ya bei nafuu ya kupampu kwa mkono, yanayosukuma bia kwa hewa. Hewa ina oksijeni, na bia iliyoguswa na oksijeni inaanza kupoteza ladha. Ukiipampu lazima iishe siku hiyo hiyo. Kwa gesi, nusu iliyobaki tuliinywa siku za mbele ikiwa bado hai. Kichupa kimoja kinakaribia kumaliza lita zote 5 mradi hakuna panapovuja.

Na panavuja. Oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, ya pale kichupa kinapofungwa ni nyembamba mno. Nilipaka povu la sabuni kama tunavyopima mtungi wa jikoni, likaanza kububujika. Niliikaza kwa tepu ya mafundi bomba. Muuzaji hana spea, na meseji anazisoma bila kujibu. Saa ya presha nayo ni pambo tu, mshale unabaki palepale hata mtungi ukiwa mtupu. Halafu mdomo wa bomba ni mfupi, bia inatoka kwa kasi. Dawa ni kuunga mpira mwembamba wa mita mbili unaofaa kwa chakula, ukauzungusha ndani ya deli: bia inapungua mbio humo, povu linatulia.

Kwa familia ya watu sita jioni moja, unatosha. Kwa harusi tafuta ule wa lita 19 na kijana wa kuubeba. Wanaokwenda likizo kwa ndege wajue vichupa vya gesi huwa vinazuiwa uwanjani, kwa hiyo wahakikishe vinapatikana wanakokwenda. Kwetu wa meli, nunua, ila agiza oringi kwingine kabla hujapakia.