Gemu Tano za Kukuliza, na ya Kununua Kwanza: Mwongozo kutoka Mwisho wa Reli

Mzee mmoja wa Ujiji aliingia steshenari kwetu Mwanga, Kigoma, kutoa kopi ya kitambulisho, akanikuta nafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Binti, umefiwa?"

"Shikamoo mzee. Hapana, hatujafiwa."

"Marahaba. Sasa kilio cha nini?"

"Ni mbuzi, mzee. Wa kwenye kompyuta. Nimemuua, na alikuwa ananipenda."

Akaitazama skrini, akanitazama mimi. "Pole," akasema. "Nitolee kopi mbili."

Mbuzi mwenyewe anaitwa Toriel, nitafika kwake. Tangu siku hiyo wanaokuja kuchapisha CV wanaulizia gemu kuliko bei ya kurasa, kwa hiyo naandika hapa nipumzike kujibu. Nazungumzia zile gemu unazovaa uhusika wa mtu, ukatembea, ukaongea na watu, na uamuzi wako ukakufuata. Tena si zile za makampuni makubwa. Hizi zimetoka kwa mtu mmoja chumbani au kikundi kidogo kisicho na bosi.

Nimezipanga hivi: una hela ya gemu moja tu mwaka huu, laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, na bando unalolihesabu. Uzuri wa picha sikuupa alama hata moja. Ndiyo maana hutaiona Clair Obscur: Expedition 33, kazi ya Sandfall Interactive wa Montpellier, Ufaransa, iliyotoka Aprili 2025. Imeliza watu wengi, sina ubishi. Lakini ni dola 49.99, inataka makumi ya gigabaiti na kadi ya grafiksi ya maana. Kompyuta yetu ya steshenari hupiga kelele kama mashine ya kusaga ikifungua tu faili la Excel.

1. Undertale

Ilitoka 15 Septemba 2015. Ni ya Toby Fox, Mmarekani, aliyeandika hadithi, programu na muziki mwenyewe, na kwenye michoro akasaidiwa zaidi na Temmie Chang. Mwaka 2013 alipitisha bakuli kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha hela, akiomba dola 5,000, akachangiwa zaidi ya 51,000.

Mtoto anatumbukia chini ya mlima, kwenye nchi ya mazimwi ambao binadamu waliwafungia huko baada ya vita. Kila ukikutana na zimwi unapewa vitufe vinne: pigana, tenda jambo, tumia kitu, samehe. Ukichagua kutoua, unaweza kuimaliza gemu nzima hujaua hata sisimizi, ila itabidi umsome kila unayekutana naye. Mmoja anataka kusifiwa. Mwingine anataka umwache kivyake. Kuna mbwa ukimpapasa shingo inarefuka, ukizidi kumpapasa inarefuka hadi inatoka nje ya skrini. Zamu yao ya kushambulia ikifika, unaongoza moyo mdogo mwekundu ukikwepa risasi, machozi, mifupa, kila mmoja na silaha yake.

Sasa Toriel. Ndiye anayekuokota mwanzoni. Anakushika mkono, anakuonyesha njia, anakuokea pai ya mdalasini na kuiacha chumbani umelala. Ukitaka kuondoka anasimama mlangoni, maana anaogopa utauawa huko nje kama wengine waliotangulia. Nilibonyeza samehe mara tatu, nne, tano, hakuna kitu. Nikasema basi, ndivyo gemu inavyotaka. Nikapiga. Akafa. Hapo ndipo mzee wa kopi alipoingia.

Alipoondoka nikafanya ujanja wa kila mcheza gemu. Nilifunga bila kuhifadhi, nikafungua pale nilipokuwa nimehifadhi mara ya mwisho, nikarudi mlangoni kwa Toriel. Safari hii nikasamehe, nikasamehe, nikaendelea kusamehe mpaka maneno yakamwisha na mikono ikamshuka. Nikatoka nikijipongeza. Mbele kidogo nikakuta ua moja linanisubiri, likanicheka. Linajua. Linajua nilimuua kwanza, nikajuta, nikarudi nyuma kufuta. Mwili ulinisisimka nikaangalia nyuma ya kiti.

Kwa hilo tu nimeipa namba moja. Gemu zote nilizozoea zilikuwa zinasahau, hata kwenye vibanda vya PS hapa Mwanga ukifungwa saba bila unaanza mechi nyingine kama hakikutokea kitu. Hii haikusahau. Sisemi zaidi, na nakuomba usikimbilie kuangalia mwisho wake YouTube. Na ukiona herufi LV karibu na jina lako, usimuulize mtu kirefu chake. Utaambiwa wakati wake.

Upande wa pochi: dola 9.99, karibu shilingi 25,000, na nimeiona ikishuka chini ya dola 3 wakati wa punguzo. Ukubwa ni megabaiti 200 hivi, na RAM ya GB 2 inaitosha. Utaimaliza kwa saa sita hadi nane. Kasoro ipo: Kiswahili hakuna, ni Kiingereza na Kijapani. Kiingereza chake wa kidato cha pili anakiweza, isipokuwa utani mwingi unaochezea maneno utampita. Tena haina toleo rasmi la simu. Ukiikuta kwenye duka la programu za simu, hiyo si yenyewe, iache ilivyo.

Kama bado unasita kutoa hela, pakua kwanza sura mbili za mwanzo za Deltarune, kazi ya huyohuyo Toby Fox. Ya kwanza aliitoa Oktoba 2018, ya pili Septemba 2021, na zote mbili unazipata bure kama onjo. Sura zilizofuata mwaka 2025 ndizo za kulipia. Ladha ni ileile ya mapambano na muziki. Usipoipenda hiyo, Undertale nayo hutaipenda, na hujapoteza ila bando.

2. To the Moon

Hii ndiyo ninayompa mtu ambaye hajawahi kushika gemu maishani. Aliitengeneza Kan Gao na kundi lake la Freebird Games, ikatoka Novemba 2011. Madaktari wawili, Eva Rosalene na Neil Watts, wana mashine ya kuingia kwenye kumbukumbu za mtu anayekata roho, ili wazipange upya afe akiamini alitimiza alichokitamani. Mgonjwa wao, mzee Johnny, anataka kwenda mwezini. Kwa nini? Mwenyewe hajui. Unaanza na uzee wake unarudi nyuma, hadi ujana, hadi utoto, ukitafuta hamu hiyo ilipoanzia.

Mapigano hayapo, ukiacha kichekesho kimoja cha mwanzoni. Unatembea, unasoma, unafumbua vifumbo vyepesi, na baada ya saa nne au tano umemaliza. Nilikaa na mama mdogo usiku mbili nikimtafsiria mstari kwa mstari, mara Kiswahili, mara Kiha pale Kiswahili kilipokuwa kikavu mno. Mke wa Johnny, River, anakunja sungura wa karatasi, mamia kwa mamia, na mumewe haelewi anataka kumwambia nini. Tulipoelewa sisi, mama mdogo akainuka akasema anaenda kuangalia kama maharage yameiva. Maharage tulikuwa tumeshayala.

Imekuwa ya pili kwa sababu huna la kuamua, hadithi ni moja na unaifuata tu, na ukiimaliza hurudi. Dola 9.99 kwenye kompyuta, na tangu 2017 ina toleo la Android na iPhone.

3. Stardew Valley, ya kwenye simu

Watu watanipinga kwamba hii ni gemu ya kilimo. Ni kweli, unalima. Lakini unalima kwa sababu babu yako alikuachia shamba na barua ya kufungua siku dunia itakapokuchosha, na kijiji kizima kina watu wa kuwajua taratibu: mlevi anayejificha na bia zake, baba aliyerudi vitani ambaye sauti ndogo tu jikoni inamshtua. Eric Barone aliifanya peke yake kwa zaidi ya miaka minne, ikatoka Februari 2016, na Android ikafuata 2019.

Sababu ya kuinunua kwenye simu ni bei: dola 4.99, wakati kwenye kompyuta ni 14.99. Ukishaipakua haidai intaneti tena. Uvuvi wake ni wa kubonyeza ili kipande cha kijani kwenye skrini kifuate samaki, na wavuvi wa Kibirizi wakiuona watacheka mpaka karabai izime. Tatizo ni kwamba haina mwisho wa kukukaba koo. Inakupenda polepole, na kuna wiki utaona kama kazi ya pili.

4. OMORI

Hapa nakuomba utulie. Picha zake ni za penseli za rangi, watoto wana macho makubwa, kuna pikiniki na paka. Mtoto wa nyumbani akiiona atakulilia umnunulie. Usimnunulie. Ndani yake kuna sonona, hofu, na mtu kujitoa uhai, na gemu yenyewe inakuonya hivyo kabla hujabonyeza lolote. Kama mmefiwa karibuni, iache hata wewe mtu mzima.

Ilitoka 25 Desemba 2020, baada ya mchango wa Kickstarter wa 2014 uliowasubirisha watu miaka. Kilichonivutia ni mapambano: silaha kubwa ni hisia. Furaha, hasira na huzuni kila moja ina inayoishinda, kwa hiyo kuna wakati unamliza rafiki yako makusudi ili aokoke. Ukiipima kwa kina cha jeraha inaloliacha moyoni, inazipita namba 2 na namba 3. Lakini ni dola 19.99, saa ishirini na zaidi, na katikati inazunguka mno. Mimi niliiacha miezi miwili kabla ya kupata moyo wa kuimalizia.

5. OneShot

Mtoto Niko, mwenye macho ya paka, amebeba balbu ambayo ndiyo jua la dunia yao, na anaongea na wewe uliyeketi kwenye kiti, kwa jina linalosomwa kutoka kwenye kompyuta. Kwetu steshenari akaanza kuniita User. Ni tamu, fupi, inafanya mambo ya ajabu na mafaili ya kompyuta yako, na kwa sababu hiyohiyo usiiweke kwenye mashine ya kazi. Ilitoka Steam, duka la gemu la mtandaoni, Desemba 2016, dola 9.99.

Kulipa si kazi. Fungua menyu ya pesa za simu, tengeneza kadi pepe ya Visa au Mastercard, weka kiasi cha gemu na ziada kidogo ya makato. Steam hukurudishia hela ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Ila kama laptopu yako haikai na intaneti, Undertale na To the Moon zinunue GOG, duka jingine la mtandaoni: unapakua faili la kusakinishia mahali penye mtandao mzuri, unaliweka kwenye flashi yako, unaondoka nalo hata Kasulu, na halitakuuliza intaneti tena.

Usije ukaingiziwa kwenye flashi vibandani kama nyimbo. Nilijaribu. Kopi ya kwanza ya Undertale niliyopata hivyo iligoma baada ya sehemu ya gemu yenye theluji, na ikaacha kirusi kilichogeuza folda zote za wateja kuwa njia za mkato. Siku nzima nilikuwa nasafisha.

La mwisho kwa wenye mashine za mtumba, ambazo kila baada ya miezi fundi anapiga Windows upya. Undertale huhifadhi kumbukumbu zako kwenye folda yenye jina lake, ndani ya AppData, kisha Local. Ihamishie kwenye flashi kabla fundi hajagusa kitu. Mwezi uliopita bosi aliagiza kompyuta yetu ifutwe yote, nami nikakaa na flashi mkononi nikifikiri: folda hii ikipotea, ua lile litasahau, na mimi na Toriel tutaanza upya kama hakikutokea kitu. Fundi akauliza, "Dada, kuna cha kuokoa humu?" Nikamwambia kipo, folda moja.

Bado ninayo.