Waking Ned: wazee wawili, maiti mmoja na tiketi ya bahati nasibu

Haya wadau, karibuni. Leo tunaenda Ireland na muvi ya kitambo, Waking Ned, ya 1998. Marekani waliiita Waking Ned Devine, kwa hiyo ukiyaona majina yote mawili usinunue mara mbili.

Kisa kiko hivi. Kijiji cha watu 52. Mzee Jackie, anayechezwa na Ian Bannen, anagundua kuna mwanakijiji kashinda bahati nasibu na amekaa kimya. Nani huyo? Anaanza upelelezi na swahiba wake Michael: kumnunulia huyu bia, kumsifia yule, mpaka wanaandaa karamu ya kuku kwa wote wanaocheza bahati nasibu ili wawasome nyuso. Watu wanakula, wanaondoka, sahani moja inabaki. Ya Ned. Jackie akimfuata nyumbani, anamkuta ameshakufa mbele ya televisheni, tiketi mkononi, anatabasamu!

Sasa kama umekuja kutafuta fumbo, limeishia hapo, mapema kabisa. Kinachobaki ni namna ya kumdanganya bwana wa bahati nasibu atakayekuja kuhakiki: Michael anajifanya ndiye Ned.

Wahakiki wengi waliipenda. Waliilinganisha na vichekesho vya zamani vya studio ya Ealing ya Uingereza, na David Kelly, yule mzee Michael, akateuliwa kuwania tuzo ya chama cha waigizaji cha Marekani. Muvi iligharimu kama dola milioni 3, ikaingiza zaidi ya milioni 50. Ila wengine walinuna: Ireland gani hii ya vizee walevi, wajanja, wenye roho nzuri? Tena mwongozaji, Kirk Jones, ni Mwingereza, na kijiji chenyewe kilipigwa picha kisiwa cha Isle of Man, si Ireland. Hapo nawaelewa kabisa. Sisi tunaoonyeshwa Afrika ya twiga na jua linalozama kila siku, tutashindwaje kuwaelewa?

Langu mimi ni Lizzie, bibi wa kwenye kiti cha magurudumu. Wamemfanya mchawi wa kijiji ili tusimwonee huruma, halafu yanayompata, kibanda cha simu kikihusika, tunatakiwa tucheke. Sikucheka.

Lakini kanisani, jamani! Wako kwenye mazishi ya Ned, yule bwana wa bahati nasibu anaingia ghafla. Jackie yuko mbele anamsifu marehemu. Atafanyaje, wakati yule bwana anajua Ned ni Michael, na yuko hai? Anageuza: anamzika rafiki yake Michael, ambaye amekaa pale pale mbele yake, anasikiliza. Ulikuwa uongo wa kujiokoa, ukageuka mzee kumwambia mwenzake yale ambayo hajawahi kumwambia. Nilisimamisha video nikanywa maji kwanza.

Ni dakika 91 tu. Washa maandishi ya chini, lafudhi zao nzito. Mimi mwenyewe nilirudisha nyuma mara tatu. Na kama uko na watoto, Michael anapanda pikipiki uchi wa mnyama. Nimeshawaambia.