Tanga hadi Pemba kwa Ndege Ndogo, Nikiwa na Mjukuu

Mjukuu wangu wa miaka 8 hukata picha za ndege magazetini na kuzibandika ukutani, na kwa kuwa hapa Tanga hatuna makumbusho ya ndege ya kumpeleka, safari yetu ya arusi ya Chake Chake niliamua tuifanye kwa ndege badala ya boti.

Kabla ya kupanda tulipimwa uzito sote wawili pamoja na mikoba yetu, na mzigo wa kila mmoja haukutakiwa kuzidi kilo 15. Niliona haya kusimama kwenye mzani mbele za watu, lakini katika ndege ya abiria 13 uzito ndio unaoamua nani akae mbele na nani nyuma. Halua na vitenge vya arusi vilinizidishia kilo 3, nikalipia.

Kilichoniudhi ni kuchelewa. Kampuni hiyo, ambayo siitaji, ilituweka saa moja na nusu bila hata neno la samahani, na mtoto alikuwa hajala.

Ndege yenyewe, Cessna Caravan, ilinisahaulisha hayo. Ina injini moja puani, magurudumu yake hayakunjwi, na bawa limepita juu ya madirisha, kwa hiyo tulipopaa hakuna kilichotuziba: tuliiona bandari, Kisiwa cha Toten, kisha miamba ya matumbawe chini ya maji ya kijani. Tulikaa kwenye viti vilivyo nyuma tu ya rubani, pasipo mlango kati yetu, na mtoto akafuata kwa macho kila mkono wa rubani ulipogusa. Nawashauri wenye wajukuu waombe viti hivyo mapema.

Baada ya dakika 20 hivi tulitua Pemba. Mjukuu akamwamkia rubani, kisha akamuuliza swali ambalo mimi nililiogopa njia nzima: injini hiyo moja ikizima, itakuwaje?

"Haidondoki kama nazi," rubani alimjibu, akanyoosha mikono yote miwili. "Huteleza hewani kama mwewe, nami natafuta pa kutua." Akamruhusu aguse ncha ya rafadha, lile panga la puani linalozunguka, baada ya kuhakikisha kwamba imesimama kabisa.

Nauli ni kubwa kuliko ya boti, na kwa mjane wa pensheni haizoeleki. Tuliporudi tulipanda boti, na mtoto alishinda ameegemea ukingo, shingo juu, akisubiri ndege ipite.